CHUNGU KIMOJA, WALAJI SABA

Ndugu wanachama wa pwani ya Mweru,

Kila tarehe 1 Desemba ziwa hufungwa, wala hatutupi nyavu tena mpaka Februari iishe. Sheria hiyo hatuipingi. Samaki lazima wazae, na wazee wetu walishuhudia jinsi mpumbu walivyokwisha katika mto Luapula. Lakini miezi hiyo mitatu fedha hukatika, na hapo ndipo inapoonekana nani anakula nini Mununga.

Tunapopita nyumbani kwa wanachama kukusanya ada, tunakuta jambo lile lile. Fedha zikipungua, unga wa muhogo haupunguzwi, hupunguzwa kitoweo. Ugali unabaki mlima, samaki anakuwa mmoja, na huyo mmoja anawekwa mbele ya baba. Mama mjamzito na watoto wanachovya mchuzi. Wote wameshiba, ndiyo, lakini tufanye hesabu. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini, yaani chakula cha kujenga mwili, ni kama gramu 2 tu. Katika unga wa mahindi ni kama 8, katika karanga kama 25, na katika chisense wakavu ni zaidi ya 50. Basi anayeacha chisense ili aongeze unga amelipia shibe tu.

Hatusemi kila nyumba ipike vyungu vitano. Kuni zenyewe ziko wapi? Tunasema mpakuaji amjue kila mlaji. Mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu. Akipita hapo, uji mtupu wa muhogo haumtoshi: utiwe kijiko cha chisense waliotwangwa pamoja na vichwa na mifupa, au karanga zilizopondwa (zenye ukungu zitupwe), na mawese mekundu kidogo. Mawese yana vitamini A, nayo hulinda macho. Bonde letu la Luapula lilijulikana zamani kwa upofu wa watoto. Kweli, mwaka 1998 sukari ya Zambia ilianza kutiwa vitamini hiyo kwa sheria, ila hiyo si ruhusa ya kumimina vijiko vinne katika kikombe.

Mama mjamzito anahitaji damu. Apewe samaki na kisamvu kwanza, na chai aiweke mbali na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Mzee mwenye presha apakuliwe kabla chumvi haijaongezwa. Kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima ni gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Mwenye ugonjwa wa sukari apate tonge dogo na mboga nyingi. Anayevuta nyavu usiku kucha yeye aongezewe ugali, ni haki yake. Lakini ugali ndio wa kuongezewa, si samaki wa mjamzito.

Sasa tuje kwenye ujira, maana hakuna anayepakua asichopata. Kituo cha Wajesuiti cha Lusaka, JCTR, huchapisha kila mwezi gharama za kikapu cha mahitaji ya familia ya watu 5, na vyama vya wafanyakazi hukitumia katika kudai mishahara. Ni kazi nzuri. Lakini nyumba nyingi za hapa zina watu saba au zaidi, na kikapu hakijui nani ana mimba. Tukienda mezani bila hesabu yetu wenyewe, tutajibiwa kwamba muhogo ni rahisi. Tumekwisha kujibiwa hivyo.

Tena wako wenye mitumbwi wanaokata gharama ya chakula cha mabaharia katika mgao, huku fungu la samaki wa kitoweo likitolewa kwa kukisia. Tunataka fungu hilo lihesabiwe mbele ya wavuvi kila asubuhi, liende nyumbani, na lisikatwe mara ya pili.

Kwa msimu ujao, matawi yakusanye fedha Oktoba na kununua chisense kwa gunia kabla ziwa halijafungwa, kisha kugawana kwa kopo. Wawe wakavu kabisa, wawekwe juu ya uchaga, mbali na unyevu wa mvua. Kila mwanachama alete kwa katibu karatasi yenye mambo mawili: walaji wa nyumbani kwake, kwa umri na hali zao, na alichonunua wiki iliyopita. Asiyejua kuandika aje aseme, tutamwandikia.