Mwanafunzi akihifadhi msitu bure, nani anamlipia?

KILA mwaka wa masomo unapofikia ukingoni, wanafunzi wa vyuo vyetu hutawanyika nchini kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, au ‘fildi’ kama wenyewe wanavyoyaita. Wa uhasibu huelekea benki na halmashauri. Wa misitu, wanyamapori na kilimo hupanda milimani. Swali ambalo halipewi uzito ni hili: kwa siku zote hizo mwanafunzi anakula nini, analala wapi, na gharama anabeba nani?

Jibu la ofisi nyingi ni methali: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Maana yake, mwanafunzi anaokota uzoefu, basi asidai posho. Katika uhifadhi wa ndege na misitu hesabu hiyo haijakamilika. Kazi ya bure ina bei, ila bei hiyo imehamishiwa kwa mzazi, na mwishowe kwa msitu wenyewe.

Ndege, maji na iliki

Tuchukue mfano wa Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997 na ina ukubwa wa hekta 8,380. Pembezoni mwake wananchi wanalima iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na yapo mashamba makubwa ya chai. Mto Zigi, unaoanzia katika milima hiyo, huingia bwawa la Mabayani linalohudumia Jiji la Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni ili kupanua miundombinu yake. Walioinunua, wajue wasijue, wameweka fedha katika maji yanayotegemea msitu.

Msitu nao unategemea ndege. Miti mingi hutegemea tumbo la ndege kusafirisha mbegu zake. Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Usambara Mashariki kuhusu mti wa huko uitwao Leptonychia usambarensis. Waligundua kuwa katika vipande vya msitu vilivyotengwa na mashamba, ndege wanaokula matunda ya mti huo ni wachache, hivyo mbegu zinazochukuliwa kwenda mbali na mti mama nazo ni chache. Msitu unaweza kuonekana wa kijani kwa macho, kumbe umeacha kuzaa.

Wakati mwingine ndege hueneza tatizo. Mti wa musizi, uliopandwa Amani na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, umesambaa ndani ya msitu wa asili, na msambazaji wake mkuu ni hondohondo, anayemeza matunda yake na kuangusha mbegu mbali.

Mkulima pia ana hisa hapa. Utafiti uliofanyika kwenye kahawa ya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ndege na popo wanaokula wadudu huongeza idadi ya matunda yanayoshika kwenye mbuni kwa takriban asilimia 9. Hakuna mkulima anayewalipa vibarua hao, lakini wakitoweka ataiona tofauti kwenye mizani.

Takwimu haziokotwi

Mambo haya hayakujulikana kwa kukaa ofisini. Ni lazima mtu aamke kabla ya alfajiri, atege nyavu nyembamba ambazo ndege hawazioni, amtoe ndege bila kumvunja bawa, ampime, amvishe pete yenye namba, aandike na kumwachia. Mtafiti William Newmark alianza kazi ya namna hiyo Usambara mwaka 1987. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha hesabu za ndege za Usambara za mwaka 1979 hadi 1981 na za mwaka 2019, na kuonyesha kuwa ndege wengi wa milimani wamehamia juu zaidi. Mlima una kilele. Anayepanda kila mwaka hatimaye hukosa pa kwenda.

Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliohesabu wakati ule. Hapo ndipo ilipo thamani ya takwimu za uhifadhi: mwaka ambao haukuhesabiwa haununuliki baadaye kwa fedha yoyote. Na kuhesabu kunahitaji vijana waliofundishwa kumtambua ndege kwa sauti, maana msituni humsikia mara kumi kabla ya kumwona mara moja.

Hesabu ya wiki nane

Sasa tuangalie mfuko wa mwanafunzi. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji anaweza kuweka za kwao. Mwanafunzi akikaa Amani wiki nane, sawa na siku 56, na akatumia Sh10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, atahitaji Sh560,000. Nauli ya kwenda na kurudi, buti, koti la mvua na dawa tuweke Sh140,000. Jumla ni Sh700,000.

Mchumi haishii hapo. Kama kijana huyo angebaki nyumbani akifanya kibarua cha Sh5,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, angepata Sh240,000. Fedha hiyo ameikosa, kwa hiyo nayo ni gharama. ‘Fildi’ ya bure imegharimu Sh940,000.

Wapo watakaosema Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo. Ni kweli kwa waliopata mkopo wenye fungu hilo. Lakini mkopo ni deni. Maana yake kijana anakopa ili akaifanyie kazi taasisi, kisha atalipa deni hilo kwa miaka mingi kutoka kwenye mshahara ambao bado hajaupata. Katika biashara nyingine yoyote, anayepokea kazi ndiye anayelipa.

Asiye na mkopo wala mzazi mwenye uwezo huchagua ofisi iliyo karibu na kwa shangazi yake, hata kama haina uhusiano na anachosomea. Nilipokuwa mwanafunzi nilipangiwa ofisi moja ambako kwa wiki mbili kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa fotokopi. Ukweli mchungu ni kwamba kijana wa Muheza au Bumbuli, aliyekua akisikia ndege hao kila asubuhi akienda shambani, ndiye wa kwanza kuachwa nje. Anayebaki ni yule ambaye kwao wanaweza kumtumia fedha kila wiki, na huenda msitu usimwone tena akishahitimu.

Posho iwe na masharti

Kulipa posho hakumaanishi kugawa fedha. Anayelipwa anadaiwa kazi. Mkataba wa kurasa mbili unatosha: kiwango cha posho na tarehe ya kuilipa, bima, jina la msimamizi, na kazi itakayokabidhiwa mwishoni. Kazi hizo zipo: kuhesabu ndege katika vituo vilevile kila mwaka, kupima unene wa miti, kutunza kitalu cha miche ya asili, au kukokotoa mapato ya mkulima wa iliki anayebakiza miti ya kivuli na ya yule anayeikata.

Pingamizi kubwa litakuwa kwamba taasisi hazina fedha, na zikilazimishwa kulipa zitapunguza nafasi. Huenda ikawa hivyo. Hata hivyo, wanafunzi wanne wanaolipwa na kusimamiwa wana faida kuliko kumi wanaosubiri saa ya kuondoka. Kwa mfano wetu wa Sh700,000, wanne wanagharimu Sh2.8 milioni. Mwandishi wa andiko la mradi anayekumbuka mafuta ya gari na posho za semina hashindwi kuongeza mstari huo kwenye bajeti.

Wachangiaji wengine ni wale wanaokula matunda ya msitu: mamlaka za maji, kampuni za chai, wanunuzi wa viungo na waongoza watalii wanaoleta wageni kutazama ndege. Serikali nayo ilitoa miongozo ya kitaifa ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu mwaka 2017. Hatua inayofuata ni vyuo kukataa kumpeleka mwanafunzi pasipo na msimamizi, wala mpango wa namna atakavyoishi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi wetu tumekuwa tukiwapa jembe siku ya kwanza, kisha tunawaambia waje na chakula chao. Kwa mtindo huo msitu utakosa watu wa kuuhesabu, na mali isiyohesabiwa hupotea bila mwenyewe kujua.