Presha ya Macho (3): Kijibomba cha Milimita Moja

Wiki iliyopita tuliishia kwenye matone, ambayo mgonjwa wa glakoma huyatumia maisha yake yote. Leo tuingie chumba cha upasuaji.

Jicho hutengeneza maji mchana na usiku. Maji hayo hutokea kwenye pembe iliyo kati ya konea na airisi: hupenya chujio laini, huingia mfereji wa Schlemm, kisha hujiunga na mishipa ya damu. Katika glakoma ya pembe wazi, chujio hilo hukaza. Presha hupanda na neva ya jicho hufa polepole, bila maumivu.

Kwa miongo mingi kimbilio la madaktari limekuwa trabekulektomi, aliyoieleza John Cairns wa Cambridge mwaka 1968. Ukuta wa jicho hutobolewa ili maji yapite chini ya utando unaofunika weupe wake. Presha hushuka sana, pengine kupita kiasi, na hatari ya maambukizi hubaki hata baada ya miaka.

Upasuaji wa jeraha dogo unafuata njia nyingine. Mara nyingi hufanywa pamoja na ule wa mtoto wa jicho, kupitia tundu lilelile. Daktari huweka lenzi maalumu juu ya konea, akaiona pembe kwa hadubini, kisha akapachika kijibomba cha titani, urefu wake milimita 1 hivi, kikavuka chujio hadi mferejini. Kifaa cha kwanza cha aina hiyo, iStent, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012.

Mbona basi trabekulektomi haijaachwa? Kwa sababu maji bado huishia kwenye mishipa ya damu, nayo ina presha yake, yapata milimita 10 za zebaki. Kijibomba hakiwezi kushusha presha ya jicho chini ya hapo, na kwa kawaida hata hapo hakifiki. Mwenye ugonjwa wa hatua ya mwanzo au ya kati huenda ikamtosha, hata akapunguza matone. Ambaye neva yake imeshaliwa sana huhitaji zaidi ya hapo.

Wala si kila kipya ni salama. CyPass, iliyopitisha maji njia tofauti, iliondolewa sokoni mwaka 2018 baada ya kuonekana inapunguza seli za tabaka la ndani la konea, ambazo hazioti tena.

Hakuna upasuaji unaorudisha uoni uliokwisha kupotea. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kifaa, muulize daktari ugonjwa umefika hatua gani.

Wiki ijayo: tiba ya leza, na utafiti wa KCMC, Moshi.