Muziki Unaosimamishwa kwa Noti

Usiku wa matanga huko Rongo, kaunti ya Migori nchini Kenya, gitaa likiwa limekolea, mtu huinuka na kumwendea mwimbaji akiwa na noti mkononi. Muziki hunyamaza. Anashika kipaza sauti, anajitaja ni mwana wa nani na wa kijiji gani, anamsifu rafiki kwa mafumbo, anamtania shemeji. Akimaliza, bendi inaendelea pale pale ilipoachia, hadi mwingine ainuke.

Waluo huiita desturi hii pakruok, na ndiyo inayolisha bendi.

Bendi kujitegemea hivi si jambo la Waluo pekee: nchini Uingereza, vijana wa muziki wa panki walijivunia kujifanyia mambo wenyewe. Bendi ya Buzzcocks ilikopa takriban pauni 500 kwa jamaa na marafiki, na Januari 1977 ikatoa santuri yake yenyewe, Spiral Scratch. Nairobi nako kuna Crystal Axis, kundi la panki lililomkabili mfalme Leopold wa Ubelgiji katika wimbo wenye jina lake. Migori na Homa Bay neno panki ni geni, ila kazi yenyewe si ngeni hata kidogo. Huku msikilizaji ndiye mfadhili, tena ana haki ya kukatiza wimbo.

Haki hiyo ni ya zamani kuliko gitaa. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi 8, huketi chini akiwa amefunga njuga mguuni, na pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga mti wa ala. Yeye peke yake ni bendi nzima. Naye pia husimamishwa ili watu wajisifu. Wapiga benga, muziki wa gitaa wa Waluo, walihamishia udonoaji wa nyuzi za nyatiti kwenye gitaa, na pakruok ikaja nao.

Mmoja wa wapiga benga hao, Daniel Owino Misiani, alizaliwa karibu na Shirati, Tanzania, akavuka mpaka na kuipa bendi yake, Shirati Jazz, jina kubwa nchini Kenya. Siasa aliifunika kwa ngano za wanyama na visa vya Biblia. Hata hivyo alikamatwa zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu.

Ujasiri wa mwimbaji Princess Jully wa Migori ulikuwa wa namna nyingine. Mumewe, Prince Jully, alipofariki mwaka 1997, yeye aliichukua bendi, akasimama mbele ya wanaume wenye magitaa na kuimba Dunia Mbaya, wimbo ulioonya juu ya UKIMWI wakati familia nyingi za kando ya Ziwa Victoria zilikuwa zikizika vijana wao huku zikiogopa kuutaja ugonjwa. Mjane kuyasema hayo hadharani, kwa mdundo wa kuchezeka, lilikuwa jambo zito kuliko kelele yoyote ya gitaa.

Bendi changa za leo zina kinanda cha umeme mahali pa ngoma za ohangla, na wimbo husambaa kwa simu. Sifa bado hulipiwa. Kunapokucha, noti huhesabiwa juu ya spika: kwanza mafuta ya jenereta, kisha kodi ya vyombo, kisha nauli, na kinachobaki hugawanwa.