Darwin, barua zake na majani yanayokula nyama

Wadau, wiki hii nimeshinda nikisoma barua za watu. Msinishangae, wenyewe walishafariki zamani. Ni barua za Charles Darwin, alizoandika na alizoandikiwa, zaidi ya 15,000, ambazo mradi mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge umeziweka kwenye intaneti bure kabisa. Niliingia nikitafuta habari za nyani na binadamu, nikanasa kwenye majani kama inzi.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kiangazi cha mwaka 1860, Darwin akiwa mapumzikoni Sussex, Uingereza, aliona kimmea kidogo kiitwacho Drosera, majani yake yamejaa wadudu waliokufa. Alichuma miche kumi na miwili bila kuchagua, akahesabu: majani 56, na 31 kati ya hayo yalikuwa na wadudu au mabaki yao. Kila jani lina vinywele karibu 200 vyenye utomvu unaonata. Mdudu akitua, ananata, kisha vinywele vinainama taratibu na kumfunika.

Mtu mwingine angesema "ajabu!" akaendelea na safari. Darwin akaanza kulilisha jani. Alilipa nyama mbichi, ute wa yai, maziwa, hata mkojo. Vinywele vikainama. Akalipa maji ya sukari, chai, mafuta ya zeituni: kimya. Yaani jani lilikuwa linachagua! Lilitaka vitu vyenye naitrojeni, ambayo ni haba kwenye udongo wa kinamasi. Akaweka kipande cha unywele wa binadamu, uzito wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya miligramu, na kinywele kikainama. Lakini matone ya maji yakidondoka juu yake, wala hakijali. Ingekuwa hasara tupu kujikunja kila mvua ikinyesha.

Mwaka huohuo wa 1860, ulimwengu ukiwa bado unagombana juu ya kitabu chake cha asili ya spishi, alimwandikia rafiki yake Charles Lyell kwamba kwa wakati ule Drosera inamshughulisha kuliko asili ya spishi zote duniani. Mkewe Emma naye aliandika kwa utani kwamba mumewe anaufanyia mmea ule kama kiumbe hai, na pengine mwisho atathibitisha kuwa ni mnyama.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Darwin hakuwa na maabara ya chuo. Alifanya kazi nyumbani kwake, kijijini Down, na mara nyingi alikuwa mgonjwa. Maabara yake ilikuwa posta. Alihitaji mimea ya kigeni? Alimwandikia Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya Kew. Kemia ya tindikali inayoyeyusha nyama ndani ya jani? Alimwuliza Edward Frankland. Je, jani la Dionaea linapojifunga kuna umeme unaopita kama kwenye msuli? Alimwomba John Burdon Sanderson apime, na mwaka 1873 akapima na kuukuta.

Na kulikuwa na Mary Treat wa New Jersey, Marekani. Mama huyu hakuwa na cheo chuoni. Alijipatia riziki kwa kuandika makala za majarida. Alianza kuandikiana na Darwin mwaka 1871, na baadaye wakajikuta wote wanachunguza Utricularia, mmea wa majini wenye vifuko vidogo vinavyonasa wanyama wadogo. (Jamii hii hata kwetu Afrika Mashariki ipo, kwenye mabwawa na vinamasi.) Darwin alidhani mnyama hujisukuma mwenyewe mlangoni, kichwa chake kikifanya kazi kama kabari. Bi Treat alikaa kwenye hadubini yake akatazama. Akaona viluwiluwi vya mbu vikivutwa ndani ghafla.

Juni 1875, kitabu cha Darwin juu ya mimea inayokula wadudu kikikaribia kutoka, alimwandikia Bi Treat akikiri kwamba ni wazi amekosea kabisa kuhusu ile kabari. Kitabu kikatoka Julai na kosa likiwa ndani. Utafiti wa karne ya 20 ulieleza siri: kifuko husukuma maji nje, kinabaki na mvuto ndani kama bomba la sindano. Vinywele vya mlangoni vikiguswa, mlango unafunguka na maji yanaingia na windo lake kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde.

Fikirieni jamani. Mwanasayansi aliyejulikana dunia nzima anasahihishwa na mwanamke asiye na cheo, aliye ng'ambo ya bahari, na jibu lake si "wewe nani?" Jibu lake ni "nimekosea." Sisi huku mtu akisahihishwa kikaoni anauliza kwanza una digrii ngapi!

Nimesikia mara nyingi vijana wakisema sayansi haiwezekani bila fedha za wafadhili. Vifaa vinahitajika, sikatai. Lakini barua hizi zinaonyesha vitu vitatu visivyonunuliwa: kutazama kwa subira, kuuliza anayejua kuliko wewe, na kukubali jani linapokukatalia.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna aliyewahi kuiona mimea hii huko kwenu? Mnaiitaje?