Unasafiri na mtoto kwa boti? Dawa zake zisiende na mizigo

Mzazi anayepanda boti na mtoto mwenye pumu huwa na mengi ya kushika: tiketi, begi, maji na mtoto mwenyewe. Katika haraka hiyo, begi lenye pampu ya pumu hukabidhiwa kwa wapakia mizigo na kuonekana tena boti ikishafunga gati. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni takribani saa mbili. Mtoto akibanwa kifua njiani, saa mbili ni nyingi.

Ni rahisi kudhani kila chombo cha abiria lazima kiwe na daktari. Sivyo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO), unataka daktari awepo kwenye meli yenye watu 100 au zaidi inayofanya safari za kimataifa za zaidi ya siku tatu. Meli nyingine inaweza kusafiri bila daktari, mradi awepo baharia aliyefunzwa kutoa tiba au huduma ya kwanza.

Ndivyo zinavyosafiri meli za mizigo zinazokaa baharini wiki kadhaa. Huwa na kabati la dawa, kitabu cha mwongozo wa tiba, na redio au simu ya setilaiti ya kumuuliza daktari aliye nchi kavu. Kituo kimoja cha Roma, Italia, kimekuwa kikitoa ushauri huo bure tangu mwaka 1935.

Safari ya saa mbili haifikii kigezo cha siku tatu. Kwa hiyo mzazi ajipange hivi:

Dawa za kila siku. Za pumu, kifafa, kisukari au selimundu zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi yenye jina la mtoto, ugonjwa, dawa na kipimo chake.

Kichefuchefu. Dawa hufanya kazi vizuri ikimezwa kabla ya boti kuondoka. Kipimo hutegemea umri, hivyo mfamasia aulizwe mapema. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe bila ushauri wa daktari. Kaeni katikati ya boti, sehemu ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Mtoto akitapika, apewe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko.

Degedege. Mlaze mtoto ubavu, usimtie chochote mdomoni, tazama saa. Ikizidi dakika tano, ni dharura.

Wahudumu wa boti. Waambiwe mapema kuhusu hali ya mtoto. Waulizwe kisanduku cha huduma ya kwanza kiko wapi, na jaketi okozi za saizi ya watoto ziko wapi. Hali ikibadilika, wajulishwe mara moja, kwa sababu nahodha anaweza kuwasiliana na bandari kwa redio ili gari la wagonjwa lisubiri gatini.

Mtoto aliyeamka na homa kali au anayepumua kwa shida asipandishwe boti siku hiyo. Aanzie hospitali, boti ya kesho ipo.