Nyumba ni ya Bibi Harusi

Mtu wa Tanga kama mimi akialikwa harusini Masalani, makao makuu ya Ijara katika Kaunti ya Garissa, Kenya, hajihisi mgeni mara moja. Nikaha ni ile ile: walii, mashahidi wawili, mahari yanayotajwa mbele ya watu, kisha dua. Moshi wa ubani umetanda nyumba nzima. Hata zile siku 7 maharusi wanazokaa ndani anazielewa, kwa kuwa na sisi watu wa pwani tuna fungate. Ugeni unaanzia uani, kwa wanawake, na mwanamke anayesafiri akipata nafasi ya kukaa huko asiiache.

Wasomali wa Ijara, wengi wao wa ukoo wa Abdalla katika kabila kubwa la Ogaden, ni wafugaji, na kwa mfugaji ndoa ya asili haikukamilika mpaka nyumba isimame. Nyumba yenyewe ni aqal, nayo hujengwa na wanawake. Mama mzazi, shangazi na majirani huanza kazi mapema sana kabla ya harusi. Wanachuna magome ya migunga, wanayaponda mpaka zibaki nyuzi, kisha wanasuka kamba na mikeka. Siku ya kujenga, fito ndefu zilizopindwa zinachimbiwa kwa mduara, zinakutanishwa juu na kufungwa, halafu mikeka inatandazwa kuanzia chini kwenda juu ili mvua iteleze. Wanaimba huku wanafunga. Ndani vinaingia vyombo vya maziwa, vimesukwa kwa nyuzi zilizobana kiasi kwamba tone halipenyi, navyo hufukizwa kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike upesi. Anayekunywa maziwa hayo kwa mara ya kwanza anaonja moshi kabla hajaonja maziwa.

Wageni wengi hukosea wanapohesabu mali. Wanaona mifugo ikitoka kwa ukoo wa bwana harusi kwenda ukweni, wanasema binti ameuzwa. Si kweli, na maneno hayo yanawavunjia heshima watu. Mifugo hiyo ni yarad, heshima ya ukoo kwa ukoo, na huku Ijara, penye majani mengi kuliko Wajir au Mandera kwa kuwa karibu na Mto Tana na msitu wa Boni, mara nyingi huwa ng'ombe kuliko ngamia. Upande wa bibi harusi nao hurudisha dibaad: nyumba, vyombo, na mnyama wa kuibeba nyumba siku ya kuhama. Mahari ni jambo la tatu kabisa, nayo ni mali ya mke mwenyewe, hata kama sehemu yake imebaki deni shingoni mwa mume.

Basi aqal ni ya mke. Ameletewa na mama yake, yeye ndiye anayeijenga na kuivunja kila wanapohama, na ndoa ikivunjika hufungua kamba akapakia akaenda nayo kwao. Mume ndiye anayebaki bila paa.

Usiku wanawake hucheza buraanbur. Ngoma inapigwa, mduara unafanyika, na mshairi mmoja anaingia kati kumsifu bibi harusi na kina mama waliomzaa, beti baada ya beti, huku wenzake wakipiga makofi. Asiyejua Kisomali atajua ubeti umegusa moyo pale tu mama mtu anapoinuka mwenyewe akaingia mduarani. Siku ya 7 wanawake humvika bibi harusi shaash, kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeolewa. Zamani kitambaa hicho ndicho kilichomtofautisha na msichana. Leo wasichana wote wamejifunika, lakini sherehe yake haijafa.

Mengine yamepungua. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 hadi 2007 ilifunga masoko ya mifugo ya Garissa, na ukame wa 2020 hadi 2023, misimu 5 mfululizo bila mvua ya kutosha, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Zizi likiwa tupu, harusi husubiri, au yarad hugeuka shilingi zinazochangwa na ndugu kwa simu. Mjini Masalani maharusi wanaingia nyumba ya mabati, na dibaad imekuwa makochi, zulia na kitanda kutoka maduka ya Garissa au Eastleigh, Nairobi. Wapo wanaosimamisha aqal kwa ajili ya siku za harusi tu, ikapigwa picha, ikavunjwa.

Mimi silii kwa sababu ya fito na mikeka, maana nyumba ya mabati ina raha yake na binti ana haki ya raha hiyo. Kinachoniuma ni kwamba ile ya mabati imesimama kwenye kiwanja cha mume. Ndoa ikivunjika, mke anatoka na makochi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka ndoa ya Kiislamu nayo isajiliwe, na Kadhi yupo kwa mujibu wa Katiba, ila cheti peke yake hakimpi mtu pa kulala. Dini imeruhusu mahari yawe kitu chochote halali chenye thamani. Kiwanja cha mjini kilichoandikwa jina la mke ni mahari halali kama ng'ombe, na wazee wanaoketi kupatana kabla ya nikaha ndio wenye nafasi ya kukitaja.