Diski Ina Nafasi, Kompyuta Haioni



Je, umewahi kumsikia fundi akisema, "Diski hii ni ya megabaiti 1,000 lakini mashine inaona 504 tu"? Wengi walidhani ati muuzaji amewapunja. Mara nyingi alisingiziwa bure.

Tuseme kuna ghala la mahindi Kitale (kubwa ajabu, najua!). Kila gunia lina anwani: safu na rafu yake. Karani wa Bungoma ndiye anayeagiza, na karani wa Kitale ndiye anayetoa. Fomu ya Bungoma inaandika safu 1,024 tu lakini rafu 256. Ya Kitale inaandika safu 65,536 lakini rafu 16 tu. Kila fomu peke yake inatosha kabisa. Taabu ni kwamba gunia hutoka tu ikiwa anwani yake inaingia katika fomu zote mbili. Gunia la safu ya 1,025 lipo, limejaa mahindi, lakini Bungoma hawawezi kuliagiza!

Ndivyo ilivyokuwa katika kompyuta. Bungoma ni BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine. Kitale ni IDE, mpango wa kuunganisha diski. Safu huitwa silinda, rafu huitwa vichwa, na kila kichwa husoma vipande viitwavyo sekta. BIOS ilihesabu sekta 63 na IDE 255. Sasa chukua kilicho kidogo kila upande: 1,024 × 16 × 63, mara baiti 512 za kila sekta. Jibu ni baiti 528,482,304. Wengine huita megabaiti 528, wengine 504, kwa kuwa megabaiti ya kompyuta ni baiti 1,048,576.

IBM PC XT ilipotoka mwaka wa 1983 na diski ya megabaiti 10, nani angelalamika? Kufikia 1994 hivi, mambo yalikuwa yamebana.

Dawa ilikuwa uongo wa busara. Diski ya silinda 2,048 na vichwa 16, BIOS mpya iliisema kuwa na silinda 1,024 na vichwa 32. Hesabu ya sekta ni ile ile, na mpaka ukasogea hadi baiti bilioni 8.4.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Mashine hizo nyingi sasa zimelala stoo, pengine na alama za mitihani ya zamani ndani. Ukiitoa diski ukaitia katika mashine yenye tafsiri nyingine, au isiyotafsiri kabisa, mafaili yataonekana kama yamepotea. Fundi asiyejua atasema, "Tuifomati tu." Kataa katakata! Irudishe kwenye mashine yake ya kwanza, au umwambie aweke hesabu zile zile za silinda, vichwa na sekta, kisha mnakili kila kitu kabla ya kugusa lolote.